Laptop Ambayo Kaka Hakuiomba

Nianze na diploma, kwa sababu watu wa Lodwar hawapendi kuisikia. Ninayo. Niliisomea Eldoret, masomo ya jioni, kwa pesa nilizopata nikikunja mashuka ya hoteli Uarabuni, na hakuna mbuzi hata mmoja wa ukoo wetu aliyeuzwa kwa ajili yake. Nasema hivi mapema kwa sababu kaka yangu mkubwa amewaambia watu kinyume, kuanzia Lorugum hadi kituo cha pikipiki cha Kanamkemer, na amerudia maneno hayo mpaka wengine wanakumbuka rangi za mbuzi hao.

Niliporudi nyumbani nilikuja na laptop nyembamba ya rangi ya fedha, ile niliyoitumia chuoni. Ukiiwasha, kitu cha kwanza kutokea ni picha yangu, nimevaa joho la mahafali, kidevu juu. Niliiweka picha hiyo makusudi, ili mtu akiketi kando yangu ajue ameketi na nani.

Haikumaliza mwezi kabla kaka hajaiona.

Kwetu Turkana mtu akikipenda kitu chako, anakuomba. Haoni aibu. Anaomba tumbaku, anaomba shuka, anaomba viatu ungali umevivaa. Anayeombwa ndiye anayetazamwa. Ukitoa, umefanya jambo la kawaida, wala usingoje kushukuriwa sana, maana kesho nawe utaomba. Ukinyima, habari itafika kwenu kabla yako. Nilikulia humo, lakini miaka ya Uarabuni, ambako kila kijiko kina mwenyewe, ilikuwa imenikausha. Nilirudi nikiwa mtu wa kufunga mlango.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa mama, nje kidogo ya Lorugum, laptop iko mapajani. Kaka alikaa kwenye kigoda chake, akanywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Hiyo itamfaa binti yangu shuleni," akasema. "Nipe."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, kimya, akisubiri kujua alizaa mtu wa namna gani. Nikampa. Kaka akaifunga ndani ya shuka lake kama mwanambuzi mchanga, na waya wa chaja ukining'inia nje, akaondoka. Hakuuliza neno la siri la kuifungulia. Nilimwona akienda nikanyamaza. Nilijiambia atapiga simu tu, na akipiga nitamfanya aombe mara ya pili, vizuri kuliko ya kwanza. Hakupiga.

Nilichobaki nacho kilikuwa dude jeusi nililolinunua Lodwar kutoka ofisi moja iliyokuwa ikitupa vitu vyake vya zamani. Kifuniko kilikuwa na ufa, bawaba moja imeshikiliwa kwa waya wa ua, na kwenye kibodi palikuwa na mapengo kama ya mtoto anayeng'oka meno. Kwa dude hilo nilikuwa nikiwachapia watu barua za kuomba kazi, na kazi wakazipata wao. Mimi mwenyewe nilizunguka ofisi zote za mji, nikaketi mbele ya watu wanaoongea Kiingereza cha pua huku wakiandika kwa kidole kimoja, wakaniambia watanipigia. Wengine nilisoma nao shule ya msingi. Najua walichopata katika hesabu.

Hatimaye simu ikaja, si kutoka Lodwar bali Kakuma. Kituo kimoja cha mafunzo kilitaka mwalimu wa kompyuta. Tuliobaki katika mchujo tungefika Jumatatu, kila mmoja na mashine yake, aiunganishe na projekta na afundishe darasa zima huku wakubwa wanatazama. Mama wa kituo aliyenipigia alieleza bila kuzunguka: mashine ikikwama, zamu yako imepita, anaitwa mwingine. Nilimwambia asijali, mimi mashine haziniangushi. Kisha nikakata simu, nikawasha lile dude jeusi, nikafungua programu tatu kama tutakavyotakiwa siku hiyo. Nilichemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe, na kishale bado kilikuwa kinazunguka.

Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Kilichosimama kati yangu nayo kilikuwa plastiki na waya, na hilo lilinitia hasira kuliko umaskini.

Duka la kwanza lilikuwa mjini Lodwar, lenye feni na vioo. Muuzaji alinionyesha laptop mpya ya bei nafuu, ndogo, yenye rangi ya samawati, akisema ndiyo wanafunzi wote wananunua. "Hii inapaa, mama," akasema. Nikamwambia aiwashe. Boksi lilisema memori ni giga nane. Nikafungua mipangilio mbele ya wateja wake, nikaisoma kwa sauti: nne. Tena imeunganishwa kwenye bodi, haiongezeki mpaka siku ya kiama. Diski yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba ukihifadhi masomo ya muhula mmoja, imejaa. Kitu kizuri cha kuwekea vikombe.

Muuzaji hakuona haya. Alilitazama lile dude langu jeusi, ambalo nilikuwa nimelibeba kwapani, akautazama ule waya.

"Kumbe unajua hivi vyote," akasema, "na hiyo ndiyo unatembea nayo?"

Waliokuwepo walicheka. Nilimwambia kwamba mimi nikitaka kutapeliwa nitakwenda mahali penye watu werevu, nikatoka. Jua la Lodwar lilikuwa limesimama juu ya lami likinisubiri.

Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Kakuma. Nilijifunga leso usoni kwa sababu ya vumbi, macho tu yakabaki nje, na leso hiyo ndiyo iliyoniokolea pesa. Soko la Kakuma lina kila kitu ambacho dunia imechoka nacho: simu, paneli za sola, redio, laptop zilizotumiwa na watu wasiojulikana. Hapa wanasema Kiswahili cha Kongo, pale Kiarabu cha Juba, na vijana wanasema lugha ambayo hata wao hawaielewi vizuri. Niliingia duka la Msomali mmoja, mzee mwenye ndevu za hina, ambaye laptop zake zilikuwa zimesimamishwa rafuni kama vitabu. Nikamweleza: nataka diski ya kisasa, ile isiyozunguka, na memori ya kuongezea. Akaanza kunishushia moja moja.

Ya tatu ilikuwa yangu.

Niliitambua kwa kona yake moja iliyobonyea, ambapo iliniponyoka siku ya mtihani wa mwisho. Mzee akaiwasha, na hapo tukatazamana, mimi wa skrini na mimi wa leso. Joho, kidevu juu. Chini ya picha, kisanduku cha neno la siri, kitupu. Tangu iondoke mapajani mwangu hakuna mtu aliyewahi kupita hapo. Binti wa kaka hakuandikia humo hata sentensi moja.

"Hii imejifunga, abaayo," mzee akasema, akiniita dada kwa Kisomali. "Nilinunua kutoka kwa mtu wa mbuzi. Huyu mwanamke ndiye ameifunga. Hakuna mtu anaweza kufungua."

"Anaonekana ana roho mbaya," nikasema.

Mzee akaisogeza picha karibu na macho yake. "Wallahi, hata mimi nimemuona hivyo. Angalia hiyo shingo."

Ningeweza kuvua leso. Ningeweza kuandika neno langu la siri pale pale na kupiga kelele mpaka soko lijae. Lakini mimi nimesoma, na nimekaa na Waarabu. Laptop iliyofungwa ni chuma. Ikifunguka tu, bei inafunguka nayo. Kwa hiyo nikaizungusha mikononi kwa dharau, nikamwambia ninachotaka ni vitu vya ndani tu, mengine akampe mtu wa chupa za plastiki. Tulibishana. Aliniita mnyang'anyi, nikamwita hivyo pia. Mwisho aliniuzia yote kwa bei ya vipuri, huku akilalamika kwamba watoto wake watalala njaa. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nanunua kitu changu mara ya pili.

Nilipofika chumbani kwangu Kanamkemer, pale Lodwar, nilifunga mlango, nikaandika neno la siri, nayo ikafunguka mara moja, mafaili yangu yote yakiwa mahali nilipoyaacha. Mtu mwingine angeishia hapo, angeibeba Jumatatu. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na nilijua kaka anakuja mjini na mbuzi wa kuuza, na akija mjini hulala kwangu. Chumba changu ni kimoja. Kaka hawezi kukaa ndani ya chumba bila kuinua kila kinachofunika kingine. Ile rangi ya fedha ilikuwa imeshaombwa mara moja, na ingeombwa tena.

Nikachukua bisibisi. Nilifungua mashine zote mbili juu ya kitanda, skrubu nikizipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Nikang'oa ile diski iliyochoka ndani ya dude jeusi, nikaweka ya kwangu. Memori nayo ikaingia na kubana sawasawa. Hakuna fundi aliyenishika mkono. Nilipobonyeza swichi, dude liliamka kabla sijaondoa kidole, na picha yangu ikatokea juu ya kioo chenye ufa. Nilicheka peke yangu. Ganda la fedha nililiviringisha ndani ya blanketi nikalisukuma chini ya kitanda. Sasa nilikuwa na mashine ya mbio zaidi Kanamkemer ndani ya sura ambayo hakuna mtu mwenye akili angeiomba.

Kaka alifika Jumapili adhuhuri, mbuzi wameshauzwa, na kigoda chake mkononi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani akisuka kikapu. Tukasalimiana, ejok, ejok, nikampa chai. Nilikuwa nimepanga kunyamaza hadi Jumanne. Lakini nilipomwona anapuliza chai yangu kwa utulivu ule, nikamuuliza, kwa lugha yetu, binti anaendeleaje na laptop.

"Anaendelea," akasema.

"Jana nimeinunua Kakuma."

Hakushtuka hata kidogo. Alikunywa, akameza. "Ndiyo imefika huko?"

"Wewe uliiuza."

"Mimi nauza kitu cha dada yangu?" Sasa ndipo alipokasirika, na alikasirika kwa kweli, jambo ambalo sikulitarajia. "Niliombwa. Rafiki yangu, yule tuliyechunga naye, aliiona, akaipenda, akaniomba. Ulitaka nikatae? Ulitaka watu waseme mtoto wa mama yetu ni mnyimi?"

"Nilikupa iwe ya binti yako."

"Ulinipa. Ukishatoa umetoa. Au huko Uarabuni wanatoa huku wameshika mkia?"

Mama mwenye nyumba alicheka ndani ya kikapu chake. Nilimwambia kaka kwamba rafiki yake huyo aliiuza kama chuma, kwa sababu wote wawili hawakuwa na akili ya kuuliza inafunguliwaje. Akasema kwamba neno la siri ni langu, nililinyima mimi, na kama kitu hakikufanya kazi mikononi mwake ni kwa sababu nilimpa mwili nikabaki na roho. Hilo lilikuwa kweli, na sikutaka alijue, nikamwongezea chai.

Kisha akaliona dude jeusi mezani. Alilisukuma kwa fimbo yake, waya wa bawaba ukalia.

"Hii ndiyo umebaki nayo?" akasema, na akamgeukia mama mwenye nyumba ili asipitwe. "Niliuza mbuzi ili huyu asome. Mwekundu mwenye shingo nyeupe, na wenzake. Ameenda mpaka ng'ambo, amekula makaratasi yote, amerudi na takataka hii iliyofungwa kama mlango wa choo. Mbuzi wangu wangezaa."

Yeyote anayenifahamu anajua nilichofanya. Ningeweza kuvumilia takataka. Mbuzi sikuweza kuwavumilia. Nilivuta dude mbele yake, nikamwambia ahesabu, nikabonyeza. Hakuwahi kuanza kuhesabu. Nikafungua programu zote tatu, nikafungua video ya somo na hesabu za mfano, nikazipanga kioo kizima, na zote zikatembea bila kusita. Nikamwambia kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu, kwa akili niliyoilipia mimi, na kama kuna mbuzi ndani aniletee bisibisi nimtoe. Mama mwenye nyumba aliacha kusuka. Nilijisikia mrefu sana.

Kaka alitazama kioo kwa muda. Akaweka kikombe chini.

"Ni nzuri," akasema. "Nipe."

Nilikuwa nimejifungulia mlango mwenyewe. Nilielewa wakati ule ule, na sijui kama yeye alitega au aliomba tu kama anavyopumua. Mama mwenye nyumba alikuwa ametulia vile vile mama alivyotulia mlangoni. Nilifikiri: nikitoa, Jumatatu naenda Kakuma na mikono mitupu na kidevu. Nikifungua mdomo na kuahidi kwamba nitampa baadaye, atangoja kwenye kigoda mpaka baadaye ifike.

"Sikupi," nikasema.

"Nimekuomba mbele ya mtu."

"Nimesikia. Sikupi, kaka. Hii wala ile wala nyingine."

Wengine wangepiga kelele. Kaka aliinuka, akachukua kigoda chake, akautazama mkeka aliozoea kulalia, kisha akanitazama mimi kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine.

"Basi," akasema. "Sitakuomba tena."

Hakumaliza chai. Nilisikia baadaye kwamba alilala kituoni pamoja na waendesha pikipiki, na kwamba aliwasimulia. Mama mwenye nyumba naye hakulaza habari hiyo.

Jumatatu nilifika Kakuma kabla lango halijafunguliwa. Tulikuwa wachache, na wenzangu walikuwa wamebeba laptop za kupendeza kwenye mikoba ya ngozi. Nilipotoa dude langu mmoja alinong'ona na mwenzake wakacheka. Wa kwanza, mashine yake iliganda kwenye video. Wa pili alikuwa na ile ile ya samawati niliyoikataa Lodwar, na nilimwona jasho likimtoka huku kishale kikizunguka mbele ya darasa zima, na ndiyo, nilifurahi. Zamu yangu ilipofika niliunganisha waya, nikabonyeza, joho langu likajaa ukutani. Nilifundisha mpaka mama wa simu akaniambia inatosha. Kabla sijafika njia panda walikuwa wamenipigia.

Sasa nina chumba changu cha darasa, na wanafunzi kutoka nchi ambazo kaka hawezi kuzitaja. Dude jeusi nimeliwekea vifaa vyake vipya kwa mshahara wangu na linaendelea kubishana na vumbi huko darasani. Diski na memori zake za awali nilizirudisha kwenye lile ganda la fedha, nikalifuta kwa kitambaa, likang'aa kama siku niliyolileta.

Mwisho wa muhula nilikwenda Lorugum kumwona mama, nikaibeba ile laptop ya fedha. Ndugu wengi walikuwepo. Zamani nikifika hapo nilikuwa siketi kabla mtu hajaomba leso yangu, mwingine sukari, mwingine salio la simu, nami nilikuwa nikinung'unika kwamba wananila hai. Safari hii walinisalimia vizuri, wakanipa mahali pazuri kivulini, kama wanavyompa afisa wa kaunti. Hakuna aliyeomba hata chumvi. Sukari niliyobeba niliikabidhi mwenyewe kwa mke wa kaka, akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Kwetu hatushukuriani hivyo. Wanaoshukuriwa hivyo ni wageni.

Kaka alikuwa kwenye kigoda chake, hatua chache kutoka kwangu. Pembeni yake alikaa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa kupita, sijui hata alikotoka. Kaka akamwomba tumbaku. Mtu yule akatoa, wakagawana, wakacheka.

Nikafungua laptop. Niliiweka juu ya mkeka, kati yangu na yeye, nikaigeuza kioo kimwelekee. Jua lilipiga mgongo wake wa fedha hata watoto wakafumba macho. Picha ikatokea, joho na kidevu. Neno la siri nilikuwa nimelitoa jana yake. Mtu yeyote angebonyeza kitufe kimoja tu na kuingia. Mama alikuwa mlangoni. Aliitazama, akamtazama kaka, akasubiri.

Kaka aliiona. Najua aliiona, maana macho yake yalitua hapo na kukaa. Kisha akatema tumbaku kando, akamuuliza yule mtu wa ngozi kama mvua imenyesha upande wa Loima.

Niliiacha pale mpaka betri ikaanza kulia. Kisha nikaifunga, nikaitia kwenye mkoba wangu.